Majamvi Mabichi

Majamvi sita yalifika msibani juu ya bodaboda moja, yamefungwa kwa mpira mweusi nyuma ya Philomena, marefu kuliko upana wa njia, hata watu waliokuwa wakitoka sokoni Katoro ikabidi waingie kwenye majani kuyapisha. Dereva alisimamisha pikipiki mbali na turubai, akasema hawezi kuingia kwa wafiwa na mngurumo. Philomena alishuka, akajifunga kanga upya, akaanza kuyashusha mwenyewe.

Hakuwa na rambirambi nyingine. Masalu, mume wa binti yake Vumilia, alikuwa amefukiwa na duara, shimo la dhahabu, lililotitia akiwa chini anachimba, na mama wa mke haendi kwa wakwe mikono mitupu, hata kama hana kitu. Alichokuwa nacho ni mafunjo. Aliyakata bondeni, akayashona, na kwa kazi hiyo alikuwa amemlea Vumilia tangu baba yake alipofariki.

Mafunjo yana utaratibu wake. Ukishayakata huyaanika juani mpaka kijani kiondoke, kisha huyapanga juu ya uchaga na kuyafukiza kwa moshi wa samadi kavu, moto mdogo usiozimika, mpaka kila kilichomo ndani ya bua kife au kitoke. Ndipo unachukua shazia, ile sindano ndefu ya majamvi, na kamba ya katani. Philomena alifundishwa hivyo na mama yake, naye aliwafundisha hivyo wanawake wa jumuiya yake kanisani. Safari hii habari ya duara ilimkuta mafunjo yameonja jua tu. Aliyashona yakiwa bado na unyevu, akijiambia kwamba moto wa msibani utayakausha, na kwamba Mungu anajua haraka yake.

Kwenye meza ya rambirambi mwanamume mmoja mwenye daftari alimtazama bila kuinua kichwa sana.

"Mama nani?"

"Mama Vumilia. Mama wa mjane."

"Shilingi ngapi?"

"Majamvi sita."

Kalamu ilisimama hewani. "Hapa tunaandika hela, mama."

"Basi usiandike."

Nyuma yake alikuwa amesimama Ghati, mke wa Mabula, kaka mkubwa wa marehemu, mwanamke asiyejua kunong'ona. "Andika wewe," alisema. "Toka juzi tumelalia mifuko ya saruji. Hela yenu imemkinga nani mgongo?"

Mwanamume yule aliandika. Philomena aliitikia kwa kichwa, akabeba jamvi la kwanza kuingia nalo ndani, kwa mama wa marehemu.

Mariana alikuwa amekaa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, macho kwenye mlango. Tangu duara lititie alikuwa hali. Mashine zilichimba, kisha zikasimama. Waliozileta walisema udongo bado unatembea, wengine nao wasije wakafukiwa. Katekista alisali ukingoni, watu wakamwaga udongo hapo hapo, wakarudi nyumbani. Hakuna jeneza, hakuna kaburi. Mariana alipoambiwa sasa tuanze matanga, aliuliza, "Matanga ya nani? Mmeniletea nani?"

"Pole, mzazi mwenzangu," Philomena alisema, akipiga magoti.

Wanawake walimsogelea Mariana. Walimwinua wakamtandikia jamvi, wakamkalisha tena. Alipitisha kiganja juu ya mabua, polepole, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Linanuka bonde," alisema.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza siku hiyo. Wanawake waliokuwa ndani walimshukuru Philomena kwa macho. Philomena alishusha yake.

*

Neno juu ya Vumilia lilikuwa limeshasemwa mapema, nalo lilikuwa jepesi kuliko Philomena alivyoogopa. Mzee Maganga, baba mdogo wa marehemu, aliyekuwa ametoka Runzewe na koti lake zito la sherehe, aliwaketisha wazee wa ukoo akasema kwamba mjane bado kijana, ana cherehani yake Katoro na chumba cha kupanga, na hapa nyumbani hakuna kaburi la kulilinda. Matanga yakiisha, anyolewe, achukue mtoto wake Klara, aende. Ukoo utamtembelea. Kila mtu aliona ni sawa. Mpunga ulikuwa unangoja palizi na watu walikuwa wamechoka kulala nje.

Vumilia aliambiwa hayo akiwa amekaa chini, kanga imemfunika uso, maana mjane hazungumzi mbele ya wazee. Baadaye, wakiosha vyombo, alimwambia mama yake, "Nikifika kwangu nitalala. Sitashona, sitapika. Nitalala tu, mimi na Klara."

"Utalala," Philomena alisema.

"Hata kodi ikija nitalala."

"Kodi haisubiri mtu alale, mwanangu. Lakini utalala."

Matanga yakawa marefu. Wengine walisema wasubiri, huenda mashine zikarudi. Wengine walisema bila mwili siku hazihesabiki kama kawaida. Wanawake walilala juu ya majamvi, wakapikia nje, wakaimba nyimbo za kanisani mpaka sauti zikakwaruza. Mariana alinywa maji tu. Mabula alimletea soda; akaishika mkononi mpaka ikawa ya moto, akaiweka chini.

*

Waliotangulia kuona ni wanawake walioamka kuchochea moto wa uji. Mmoja wao aliingia ndani kuchukua sufuria, akasimama mlangoni na sufuria hakuichukua.

Juu ya jamvi la Mariana walikuwa wametua nondo weupe, wembamba, mabawa wameyakunja kama pamba mpya iliyotoka kwenye tumba. Wengine walikuwa ukutani. Wengine kwenye kanga za waliolala. Na mmoja alikuwa ametua kifuani kwa Mariana, naye Mariana alikuwa macho, hatikisiki, anamtazama.

"Msimguse," alisema.

Walisogea wengine, wakajaa mlangoni.

"Umechelewa, baba," Mariana alimwambia nondo yule. Kisha, bila kumwondolea macho, "Nipeni uji."

Uji uliletwa kwenye kikombe cha bati. Alikunywa wote, akaomba mwingine, na waliokuwa wakimlisha kwa maneno siku zote hizo wakatoka nje kulia vizuri.

Ghati alisogea karibu na Philomena jikoni. "Mama Vumilia, wewe ni mtu wa kusali. Hebu niambie. Shemeji alikuwa mmoja. Mbona wamekuja wengi hivi?"

Philomena alikuwa akikoroga. Aliendelea kukoroga.

Habari ilimfikia Mzee Maganga akinawa uso. Aliingia ndani, akavua kofia, akaangalia ukuta, akatoka. Aliitisha wazee kabla ya chai. Walipokaa, alisema kwa sauti ya mtu aliyefikiri.

"Asiye na kaburi hutafuta pa kukaa. Masalu amerudi nyumbani. Na kwa nini amerudi leo? Amesikia mke na mtoto wanaondoka. Sisi tulisema haraka, tukakosea. Ng'ombe zetu za mahari zilitoka, zikaenda kwa mama yake yule pale. Mtoto ni wa hapa. Mjane atabaki hapa, na Mabula atamsitiri."

Mabula alikuwa fundi wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Vumbi lake halikuwa likitoka nyweleni hata msibani. Alikuna shingo. "Baba Mdogo, mimi hata huyu mmoja..."

"Malizia," Ghati alisema kutoka upande wa wanawake. "Hata huyu mmoja nini?"

Watu waliziba midomo. Mabula aliangalia chini. Alikuwa mtu mzuri, lakini si wa kubishana na aliyemlipia mahari.

"Haturudi nyuma," Mzee Maganga alisema. "Kesho, wakati wa kunyoa, watakaa jamvi moja mbele yetu. Wakishakaa, neno limekwisha."

Klara, aliyekuwa amelala mapajani kwa mama yake, aligeuka upande wa pili. Vumilia hakuinua kanga usoni. Mkono wake tu ulionekana, umeshika gauni la mtoto, umelikunja, unalikunja tena.

*

Mchana, watu walipotawanyika kivulini, Philomena alichukua jamvi moja akaenda nalo nyuma ya nyumba kama mtu anayekwenda kulikung'uta. Aliligeuza ukingo. Aliona alichojua ataona: vitundu vidogo vya mviringo kwenye mabua, kama vya kuchomwa na sindano. Alichomeka shazia, akapasua bua. Ndani palikuwa pameliwa, unga kama pumba, na katikati ganda la kahawia, tupu, jepesi, lililopasuka mgongoni. Bua la pili lilikuwa na funza bado, mweupe, mnene, akajikunja mwanga ulipompata.

"Ni wale wa bondeni," Vumilia alisema. Alikuwa amemfuata.

"Ni wao."

"Hukufukiza."

"Ningefukiza saa ngapi? Ningefika lini?"

"Basi sema, mama. Nenda ukamwambie yule mzee."

Philomena alimrudisha funza ndani ya bua kwa ncha ya shazia, kama vile ingesaidia. "Nikisema, yule mama anarudi kwenye ukuta wake. Leo amekula. Leo ameomba maji ya kuoga, ameyaomba mwenyewe."

"Na mimi?"

"Nakuona."

"Hunioni. Wewe unamwona yeye. Mimi nitawekwa kwa Ghati, nipike zamu, nilale zamu, na Klara amwite Mabula baba. Kwa sababu ya wadudu."

"Vumilia."

"Au unaogopea jina la majamvi yako?"

Lilikuwa kweli. Parokia ilikuwa imemwagiza Philomena majamvi ya ukumbi, na wale wa jumuiya waliokuwa pale msibani ndio waliolipeleka jina lake huko. Mama anayewafundisha wenzake kufukiza, ameleta mabichi kwa wakwe zake. Lingefika parokiani kabla yeye hajafika kwake.

"Hilo nalo lipo," alisema.

Vumilia alifuta pua kwa upindo wa kanga. Hakutarajia jibu hilo, nalo lilimpunguzia hasira kidogo, ikabaki uchovu tu. "Mimi siwezi kusema," alisema. "Nikisema mimi, nimejitetea. Sema wewe."

Jioni Philomena alishika rozari, lakini sala haikufika mbali. Kila alipofika kwa Bikira amesimama chini ya msalaba, alimwona Mariana na kikombe cha bati.

*

Asubuhi alimkuta Mariana ameamka kabla ya wote, amepiga magoti kwenye jamvi, anaokota kitu kwa vidole viwili. Nondo wengi walikuwa wamekufa. Aliwaweka mmoja mmoja kwenye kikombe, taratibu, wasivunjike mabawa.

"Mwangaluka, mzazi mwenzangu," Mariana alimwamkia. Uso wake ulikuwa umepata rangi. "Unaona? Wanakufa upesi. Hawa nitawazika pale kwenye muarobaini. Na mimi niwe na pa kupalilia."

Philomena alikaa chini. Alikaa sakafuni, pembeni ya jamvi.

"Mama Mabula, nina neno."

"Sema, mayu."

"Hao ni wadudu wa mafunjo. Wanaishi ndani ya bua tangu funza, wanakula, wakikomaa wanatoka. Jamvi likifukizwa hawatoki, wanakufa humo humo. Mimi sikufukiza."

Mariana aliokota mwingine, akamweka kikombeni. "Kwa nini?"

"Nilikuwa na haraka ya kuja kwako. Na sikuwa na kingine cha kuleta."

"Ukaniletea mabichi."

"Ndiyo."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Shoka lilipiga, likanyamaza, likapiga. Mariana aliweka kikombe chini.

"Nilisema linanuka bonde."

"Ulisema."

"Mimi nimezaliwa Buseresere. Mama yangu alishona haya. Unadhani simjui nondo?" Hakupandisha sauti. "Jana nilipofumbua macho nilijua. Nikasema, ngoja kwanza nisijue. Nilikuwa nimeomba kitu chochote. Nimemwomba Mungu hata kiatu chake, wakasema mashine haiwezi. Hata kiatu. Halafu wewe unakuja asubuhi hii na moshi wako."

"Nisamehe."

"Usingeningojea matanga yaishe? Ni leo tu. Hungeweza kuningojea hata leo?"

"Leo wanamkalisha Vumilia na Mabula jamvi moja."

Mariana aligeuza kichwa. "Nani amesema?"

"Mzee Maganga. Anasema hawa ni Masalu, amekuja kuzuia mke na mtoto wasiondoke."

"Mimi sikusikia."

"Ulikuwa ndani."

"Nilikuwa na hawa," Mariana alisema, akatazama kikombe. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imelegea kwa njaa ya siku zote zile. Hatimaye alisema, "Niache peke yangu."

Philomena alitoka bila kujua kama amejenga au amebomoa.

*

Alasiri watu walijaa chini ya turubai. Wembe uliwekwa kwenye sahani na maji. Mzee Maganga, ndani ya koti lake, aliamuru jamvi moja litandikwe katikati. Mabula alikaa ukingoni kabisa, kama mtu anayekaa kwenye kiti cha mwenzake, akabakisha nafasi ya kutosha watu watatu. Vumilia aliletwa na shangazi wawili. Alifika mpaka kwenye jamvi, akasimama.

"Kaa, mwanangu," Mzee Maganga alisema.

Vumilia hakukaa.

"Mjane hashurutishwi. Lakini hakatai pia. Kaa."

Ghati alikuwa amefunga mikono kifuani. Philomena, nyuma ya wanawake wa jumuiya, alisimama. Alikuwa ameshafungua kinywa pale Mariana alipotokea mlangoni kwa miguu yake, bila kushikwa, na kikombe cha bati mkononi. Watu walifungua njia. Alikwenda mpaka kwenye meza ya wazee, akakiweka mbele ya Mzee Maganga.

"Shemeji, hawa ndio Masalu?"

Mzee Maganga aliangalia ndani. "Dada, mambo haya..."

"Nakuuliza nijue. Nataka kuwazika. Nisije nikazika kitu kingine nikaliita kaburi la mwanangu."

Hakungoja jibu. Aliinama kwenye jamvi, Mabula akasogeza mguu, akalivunja bua moja kwa mikono yake miwili. Unga ulimwagika. Funza alianguka juu ya jamvi, akajikunja.

"Jamvi lilishonwa bichi," Mariana alisema. "Mkwe wetu alikuwa na haraka ya kunililia, hakufukiza. Hawa ni wadudu wa bondeni. Mwanangu yuko kwenye duara."

Watu wote waligeuka kumtazama Philomena.

"Ni kweli," alisema. "Sikufukiza."

"Kumbe tumelala na funza," mwanamke mmoja alisema.

"Mimi nilisema nawashwa," Ghati alisema. "Mkaniambia ni dhambi zangu."

Kicheko kilipita, kifupi, cha watu waliokuwa hawajacheka siku nyingi. Mwanamke wa jumuiya aliyekaa karibu na Philomena hakucheka. Alisema chinichini, akiangalia mbele, "Yale ya parokia, Mama Vumilia, tutaongea kwanza."

Mzee Maganga aliinua mkono mpaka wakanyamaza. Hakuwa mjinga. "Sawa, ni mdudu," alisema. "Lakini mdudu naye hutumwa. Majamvi mabichi yameshonwa mangapi? Kwa nini watoke hapa, kwenye nyumba hii, kwenye msiba huu?"

Baadhi ya wazee waliitikia kwa kichwa. Vumilia alifumba macho.

"Sawa," Mariana alisema. "Tuseme ametumwa. Alitua wapi?"

Wazee walitazamana.

"Ninyi mlikuwa wengi. Vumilia alilala chumba hicho hicho. Mabula alikuwa hapo nje. Alitua wapi?" Aligonga kifua chake kwa kiganja. "Hapa. Kama ana neno, neno amenipa mimi. Na mimi nasema mtoto aende na mama yake."

"Dada, ng'ombe zilitoka."

"Zilitoka, mke akaja. Akamzalia, akampikia, akamfulia matope ya duara kila Jumamosi mpaka vidole vikachubuka. Unadai nini tena? Unataka na mimi nikulipe kwa kumzaa aliyekufa?"

Mzee Maganga alivuta pumzi. Aliangalia wazee wenzake, nao wakaangalia wembe, turubai, kuku aliyekuwa anadonoa unga wa mafunjo. Hakuna aliyetaka kubishana na mama ambaye hana hata kaburi. Alikirudisha kikombe taratibu upande wa Mariana.

"Basi anyolewe," alisema. "Aende."

Mabula aliinuka haraka kuliko alivyokaa, akijipangusa suruali. Ghati alimtazama kwa pembe ya jicho. "Jikung'ute vizuri," alimwambia. "Usiniletee mgeni ndani."

*

Waliondoka siku iliyofuata. Mzee Maganga hakuwaaga. Alituma ujumbe kwamba majamvi yale yaondolewe pale nyumbani, kwa usafi. Kwa hiyo Philomena aliyakunja yeye mwenyewe, zawadi yake yote, huku wanawake wakipita na ndoo wakikwepesha kanga zao. Dereva wa bodaboda, yule yule, aliyazunguka akiyatazama.

"Mama, nimesikia yana wadudu."

"Yana."

"Sasa hao nao ni abiria. Tutaelewana vipi?"

"Tutaelewana kwangu," Philomena alisema. "Panda."

Vumilia alikuwa ameshatangulia kwenye pikipiki nyingine, kichwa kimenyolewa, Klara mbele yake. Cherehani ilikuwa inamngoja Katoro, pamoja na kodi. Hakuwa amecheka, hakuwa amelia. Alikuwa amemshika mama yake mkono kabla ya kupanda, akaubana, akauachia. Kati yao lile waliloambiana nyuma ya nyumba lilikuwa limebaki, wala halikuhitaji kusemwa tena.

Majamvi yalikuwa matano. Philomena alirudi ndani.

Mariana alikuwa amekaa kwenye jamvi la sita, mgongo ukutani, pale pale walipomkuta siku ya kwanza. Uji wa asubuhi ulikuwa kwenye bakuli pembeni yake, umeganda ngozi juu. Hakuwa ameugusa. Kikombe cha bati kilikuwa kimeoshwa, kimegeuzwa juu chini sakafuni.

"Mzazi mwenzangu, tunaondoka."

"Nendeni na Mungu."

"Klara nitamleta. Shule zikifungwa, nitamleta mwenyewe."

"Mlete."

Philomena alisimama. Mikono yake haikujua pa kukaa. "Hilo nalo nilichukue," alisema. "Nikalifukize. Nitakurudishia likiwa zuri, kavu, halitakusumbua."

"Liache."

"Bado wamo ndani. Mabua ya upande huu hayajatoboka. Watatoka wengine, watazunguka humu mpaka wapate dirisha."

"Najua," Mariana alisema.

Nje dereva alipiga honi mara moja, kwa adabu. Philomena aliokota lile bakuli la uji uliopoa, akalisogeza karibu na mkono wa mwenzake, akatoka. Alipofika kwenye pikipiki aligeuka. Kupitia mlango alimwona Mariana akiinuka kwa kushika ukuta, akinyoosha mkono mpaka kwenye dirisha la mbao, akalivuta, akalifunga.